Sura mpya, injini ileile: kisa cha Toyota 86 iliyonunuliwa Mtwara kwa sifa za gari jingine

Kisa hiki ni cha mwaka 2024. Mwenye gari amekubali kiandikwe ili wengine wajifunze, kwa sharti kwamba asitambulike. Kwa hiyo nimeondoa majina, mtaa, rangi ya gari na aina ya shughuli anayofanya. Mambo yanayohusu gari lenyewe nimeyaacha yalivyo. Mimi kazi yangu ni kukagua magari kwa wanunuzi wa Mtwara na Lindi, na niliitwa wakati gari limeshafika.

Usuli

Mnunuzi ni mtu wa makamo, kipato chake kinafuata msimu wa korosho kama cha wengi huku kwetu. Kwa miaka mingi aliendesha Toyota Altezza ya manyuo, yaani ya kubadilisha gia kwa mkono, gia sita, inayosukuma magurudumu ya nyuma, na aliitunza vizuri kuliko wengi ninaowajua. Minada ilipolipa vizuri akaiuza, akawa anataka gari jingine la mtindo huohuo lakini jipya zaidi. Kulikuwa na sharti moja la nyumbani: mkewe pia aliendeshe, na mkewe anaendesha otomatiki tu. Sharti hilo lilitajwa mapema, kila mtu akaliitikia, kisha likasahaulika kabisa katika mabishano yaliyofuata. Lishikeni, tutalirudia.

Macho yake yalikuwa kwenye Toyota 86. Kwa asiyeifahamu: ni gari dogo la spoti lenye milango miwili, lililoingia sokoni mwaka 2012, Toyota ikishirikiana na Subaru. Injini ni ya Subaru, silinda nne zilizolala ubavu, cc 1,998, kipenyo cha silinda milimita 86 na mkupuo wa pistoni milimita 86. Ilitoka na farasi 200 kwa vipimo vya soko la Japani, ambako magari yetu mengi hutoka. Mhandisi mkuu wa mradi, Tetsuya Tada, alikataa kwa makusudi turbo, mfumo wa magurudumu manne na tairi za kunata za mashindano. Alitaka gari jepesi, uzito wake ukae chini, dereva afurahie hata akiwa kwenye mwendo wa kawaida.

Wapenzi wa magari walilipenda gari, ila walikuwa na lalamiko moja ambalo halikuisha. Ukikanyaga mafuta kuanzia mizunguko kama 3,500 hadi 4,500 kwa dakika, toki, yaani ile nguvu ya kuzungusha inayokusukuma mgongoni, inashuka kabla ya kupanda tena. Kijiwe chetu kinaita mahali hapo “shimo”. Kwa dereva wa barabara zetu shimo hilo limekaa pabaya kweli, maana ndipo mizunguko inapofika unapotaka kulipita lori la saruji.

Katikati ya mwaka 2016 Toyota ikatoa toleo lenye sura mpya. Waagizaji hutumia maneno ya Kijapani: *zenki* ni la kabla ya mabadiliko, *kouki* ni la baada. Mwaka 2021 likaja gari jipya kabisa, GR86, lenye injini ya cc 2,387, farasi 235, na toki ya Nm 250 inayopatikana kwenye mizunguko 3,700. Ya zamani ilikuwa Nm 205, tena uifuate huko juu kwenye 6,400. Kwa hesabu za Toyota wenyewe, gari la manyuo lilitoka sekunde 7.4 hadi 6.3 kufika kilomita 100 kwa saa. Shimo likafukiwa, bila turbo.

Kijiwe kilisema nini

Tuna kijiwe cha wapenzi wa magari pale Mtwara mjini, mahali pa kuoshea magari. Jumapili hujaa, na wa Lindi nao huja. Mnunuzi alipeleka picha za magari yote matatu, akauliza achukue lipi.

Mjadala ulianza na sura, na kwa muda mrefu haukutoka hapo. *Kouki* ina bampa jipya la mbele lenye mdomo mpana uliotanuka pembeni, taa za LED, na kwa baadhi ya magari bawa la nyuma la alumini. Mmoja akasema gari limekuwa kama chewa aliyetoka kuvuliwa, na tangu siku hiyo *kouki* yoyote ikipita Mtwara inaitwa Chewa. Vijana waliipenda. Wazee wa kijiwe, wawili kati yao wana Subaru za turbo, walisema *zenki* ilikuwa na uso wa utulivu na Toyota wameuharibu ili kuuza vitaa. Sikuwepo siku hiyo, lakini nimesimuliwa na watu watatu na wote wanakumbuka vizuri maneno ya bampa. Maneno ya injini kila mmoja ananisimulia yake.

Upande wa nguvu kulikuwa na sauti tatu.

Wenye turbo walicheka. Kutoka farasi 200 za *zenki* hadi 207 zinazotajwa za *kouki*, wakasema, ni kumwongezea mtu chumvi akaita pilau jipya. Mmoja alimwambia mnunuzi waziwazi: “Njomba, hela hiyo nunua Subaru STI, uache kubishana na watu.”

Kijana mmoja aliyewahi kuendesha *kouki* akiwa Dar alisimama upande wa pili. Alisema gari limechangamka, gia ya pili na ya tatu zinavuta zaidi, na lile shimo linasikika kidogo tu. Alisema kweli. Gari aliloliendesha lilikuwa la manyuo, na hilo hakulitaja kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Sauti ya tatu ilikuwa ya mwenye *zenki* ya manyuo kutoka Lindi. Alisema gari lake linamtosha, sura mpya ni sura tu. Alieleweka kama mtu anayetetea chake, na huenda ndivyo ilivyokuwa.

Uamuzi wa kuagiza na sababu zake

GR86 iliondoka mapema. Bei yake Japani ilikuwa bado juu, na injini yake imevuka cc 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 badala ya 5 anayolipa mwenye injini ya cc 1,998. Ushuru huo, na kodi ya ongezeko la thamani juu yake, huhesabiwa kwa thamani ya gari, na gari la miaka michache lina thamani kubwa. Mnunuzi alipiga hesabu, akafunga ukurasa huo.

Ikabaki *zenki* ya 2012 au *kouki* ya 2017. Hapa alifanya jambo ambalo wengi hawafanyi: alilinganisha bei ya kufikisha gari nyumbani, sio bei ya tangazo. Kwa mwaka 2024, gari la 2012 lilikuwa limevuka miaka kumi na linabeba ushuru wa uchakavu katika kiwango cha juu. La 2017 lilikuwa halijafika miaka minane, ambapo ushuru huo huanza. Gari la zamani lililoonekana rahisi sana mnadani Japani likawa limepandishwa na ushuru, na tofauti kati ya mawili ikapungua. Haikuisha, bado *kouki* ilimzidi mwenzake kwa mamilioni kadhaa.

Mamilioni hayo aliyahalalisha kwa sababu mbili, na alizitaja kwa mpangilio huu: gari lina nguvu zaidi na shimo limepunguzwa, halafu, sura mpya inampendeza mkewe. Akaagiza *kouki* ya otomatiki.

Gari lilipofika

Meli ilifika Dar, gari likatoka bandarini, kisha likakaa. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake kilikata barabara ya kusini huko Somanga na maeneo mengine ya Lindi, hakuna aliyepita. Barabara ilipofunguka gari likashushwa taratibu. Lina nafasi ya milimita 130 tu kutoka chini, na kwenye njia za muda za kifusi dereva alishuka mara nyingi kuangalia kabla ya kupita.

Jumapili ya kwanza kijiwe kilijaa. Sura ilishinda siku hiyohiyo: hata mzee mmoja wa Subaru alizunguka gari mara mbili akasema mdomo, ukiuona kwa macho, ni afadhali kuliko pichani. Kisha mnunuzi akampisha yule kijana wa Dar ajaribu kuelekea Mikindani. Aliporudi alikuwa kimya. Mwenye *zenki* wa Lindi naye akajaribu, akasema kwa upole kwamba lake linavuta zaidi.

Ndani ya wiki moja maelezo yalikuwa mengi. Mafuta mabaya. Injini imechoka, kilomita zimerudishwa. Muuzaji wa Japani ametapeli. Fundi mmoja alipendekeza plagi mpya na kusafisha injekta, kazi ambayo kwenye injini hii iliyolala ubavu si ndogo, plagi zimejificha kandokando ya boneti na mkono haupiti. Hapo ndipo nilipoitwa.

Boneti ilipofunguliwa

Sikuhitaji mashine kwanza. Nilifungua boneti nikaangalia manifoldi ya kuingizia hewa, ile iliyokaa juu katikati ya injini. Ilikuwa nyeusi.

Mabadiliko ya injini ya 2016 yalifanywa kwenye magari ya manyuo peke yake. Hayo ndiyo yaliyopata farasi 207 na Nm 212, pamoja na manifoldi ya alumini iliyopakwa rangi nyekundu ya chengachenga, ambayo huwezi kuikosa ukifungua boneti. Hayo pia ndiyo yaliyobadilishiwa uwiano wa difu, yale meno ya mwisho yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu, kutoka 4.1 kwenda 4.3. *Kouki* ya otomatiki ilibaki na farasi 200, Nm 205 na difu ya 4.1. Kwa upande wa kusukuma, mteja wangu alikuwa ameletewa gari la 2012 ndani ya nguo za 2017.

Nikaunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari kwa uhakika zaidi. Hakukuwa na hitilafu, viwango vya hewa na mafuta vilikuwa sawa, na hali ya gari ililingana na kilomita za kwenye karatasi ya mnada. Karatasi hiyo alikuwa nayo kwenye simu muda wote, na imeandikwa AT, yaani otomatiki, bila kificho. Muuzaji hakudanganya kitu. Gari lilikuwa zima kabisa.

Nilipomweleza, swali lake la kwanza lilikuwa: “Sasa yule dogo alinidanganya?” Nikamwambia hapana. Aliyokwambia ni kweli ya gari alilolikalia.

Njia zilizokuwepo

Tulikaa tukaweka mezani mambo manne.

La kwanza, kuuza na kutafuta ya manyuo. Angepoteza hela, na mkewe asingeliendesha. Lilikufa papo hapo.

La pili, kubadilisha manifoldi ya egzosi na kuandika upya programu ya injini. Hii ndiyo dawa ya shimo inayojulikana zaidi duniani kwa gari hili, na inafanya kazi. Lakini programu huandikwa vizuri gari likiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, na huku hatuna. Mgandamizo wa injini hii ni 12.5 kwa 1, inataka petroli ya oktani ya juu, na ukiisogeza karibu na ukingo kwa programu ya kuletwa kwenye faili, halafu ukajaza petroli ya kituo cha njiani usichokijua, siku ya kugonga kwa pistoni hutakuwa na wa kumlaumu. Nilimshauri aachane nayo. Kijiwe kilinilaumu kwa hilo na bado kinanilaumu.

La tatu, kubadilisha difu. Kwa otomatiki ya barabara ndefu sikuona maana.

La nne, kuliacha gari kama lilivyo na hela iliyobaki iende kwenye vitu vinavyoonekana kila siku: tairi nne mpya za 215/45 R17 maana zilizokuja zilikuwa zimekauka, mafuta ya breki, na kinga ya chini kwa ajili ya matuta. Alichagua hili. Pia nilimwonyesha kutumia gia kwa vibapa vya nyuma ya usukani: kabla ya kulipita lori, shusha gia hadi mshale uvuke 4,500, ndipo ukanyage. Shimo halijaondoka, umeliruka.

Matokeo

Gari bado analo. Mkewe analiendesha kuliko yeye, jambo ambalo lilikuwa lengo tangu mwanzo ingawa lilikuwa limezikwa. Safari za Dar anazipenda kwa sababu ambayo hakuna aliyeitaja kijiweni: otomatiki hii ina gia ya sita ndefu. Kwa hesabu ya gia, difu na ukubwa wa tairi, kwenye kilomita 100 kwa saa injini inazunguka karibu 2,000, wakati ya manyuo yenye difu ya 4.3 inakaribia 2,800. Kutoka Mtwara hadi Dar ni saa nyingi, na tofauti hiyo unaisikia masikioni na kwenye mafuta.

Kilichopotea ni zile hela za ziada, angalau sehemu iliyolipwa kwa ajili ya nguvu. Alinunua sura, springi na shokapu zilizosahihishwa, na umri mdogo wa gari.

Uchambuzi

Nianze na kilichofaulu, maana uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Hesabu ya ushuru ilikuwa sahihi. Springi na shokapu za *kouki* zilirekebishwa na bodi ikaongezewa sehemu za kuchomelea, na kwenye lami yetu yenye viraka gari linakaa chini vizuri zaidi kuliko la Lindi. Hata mwenye *zenki* anakubali. Kuikataa GR86 kwa bajeti ile kulikuwa sawa.

Hoja nzito kuliko zote za kukwepa *zenki* ya mwanzo haikutajwa na mtu yeyote. Mwaka 2018 Subaru na Toyota waliyaita tena magari ya 2012 na 2013 yenye injini hii kwa sababu springi za valvu zingeweza kuvunjika na injini kuzimika. Kuzibadilisha ni kazi ya kushusha injini. Gari lililokuwa Japani wakati huo huenda lilifanyiwa, na unaweza kuhakiki kwa namba ya chesisi. *Kouki* iko nje ya jambo hilo kabisa. Kwa hiyo mnunuzi alifika mahali salama kwa sababu isiyokuwepo, huku sababu iliyokuwepo ikiwa haijulikani kijiweni. Hili linanisumbua kuliko hizo farasi saba.

Kwa nini kijiwe kilikosea? Sura kila mtu anaiona, picha inatosha, kwa hiyo kila mtu ana la kusema. Mwendo unasikika na aliyekaa kwenye kiti tu, na kati ya watu wote waliozungumza, mmoja tu aliwahi kukaa kwenye *kouki*. Maneno yake yakabebwa na wengine, na kila yalipopita mdomo mwingine yalipungua kitu: kwanza aina ya gia, halafu kwamba yalikuwa maneno ya mtu mmoja kuhusu gari moja aliloliendesha. Mwishoni likabaki “*kouki* ina nguvu”.

Nao waliocheka walikosea, kwa njia tofauti. Walitazama 200 na 207 wakaona kejeli. Lakini kwenye manyuo farasi saba ndilo badiliko dogo. Difu ya 4.3 badala ya 4.1 inaongeza nguvu ya kusukuma kwenye magurudumu kwa karibu asilimia 5 katika kila gia, tangu mizunguko ya chini, na hilo halionekani kwenye namba ya farasi. Kijana wa Dar alilisikia kwa mgongo bila kulijua jina. Wenye turbo walisoma namba sahihi ya badiliko lisilo muhimu. Ukijumlisha pande zote mbili, kijiwe kilikuwa na ukweli wote uliohitajika, ila ulikuwa umegawanyika kwa watu wasiosikilizana.

Sasa nikiitwa kabla ya kuagiza, maoni ya watu nayasikiliza kwa maswali matatu: ulikalia lipi, gia gani, na la soko gani? Magari ya Marekani na ya Ulaya yana namba zao, na video nyingi ambazo vijana wetu hutazama zinaonyesha manyuo, kwa kuwa wapenzi wa gari hili ndio wanayoitaka. Mnunuzi wa otomatiki hana msemaji humo. Mteja wangu alikuwa na sharti la otomatiki mkononi tangu siku ya kwanza, na laiti lingewekwa mbele ya kila sifa iliyotajwa, nusu ya mjadala ingeisha kabla chai haijapoa.

Kuhusu ushauri wangu wa kukataa programu, nakubali unaweza kubishaniwa. Mtu wa Dar aliye karibu na mashine ya kupimia, anayejaza kituo kimoja anachokiamini, ningemjibu vingine.

Yule wa Lindi ameshaanza kuuliza difu ya 4.3 itapatikana wapi, baada ya kusikia hesabu ya asilimia 5. Inaingia kwenye gari lake bila shida. Nimemwambia anitumie kwanza namba ya chesisi. Kama springi za valvu hazijawahi kubadilishwa, difu isubiri.